Vipete vya Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Shangazi alimwaga vipete kwenye sinia la bati na kuvichambua kama mtu anayechambua mchele. Sinia lilikaa mapajani, kichwa kimeinama, kidole kikienda huku na huku: hiki kizima, hiki kizima, hiki mdomo umepinda, toka. Vilivyopinda vilikwenda kwenye kopo la maziwa miguuni pake. Mama akipita na ndoo alimwambia, "Wifi, ukikuta jiwe humo niambie, nisije nikavunja jino." Shangazi alijibu bila kuinua macho, "Jino lenyewe unalo?" Wakacheka kidogo, kila mmoja akaendelea na lake. Maneno hayo waliyasema karibu kila siku, na sikumbuki siku yalipowachosha.

Vipete ninavyosema ni vile vya shaba unavyoviona kwenye tundu la kalenda, pale inapopita kamba ya kuning'inizia, au kwenye lebo ya mzigo, au kwenye albamu ya picha inayofungwa kwa utepe. Kazi yake ni kuzuia karatasi isichanike. Mbele ni duara linalong'aa. Nyuma ndipo kilipofungwa, na nyuma watu hawaangalii. Shangazi aliangalia nyuma tu.

Karakana yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mlango ulifungukia barabarani, na juu yake palikuwa na ubao wa rangi ya bluu: ALBAMU, KALENDA, LEBO, MAJALADA. Babu ndiye aliyeuandika, na ile A ya mwisho imesimama ubavu ukingoni kwa sababu hakupima nafasi. Ndani kulikuwa na meza mbili. Meza kubwa ilikuwa ya Baba, mkabala na mlango, ikiwa na kisu cha kukatia kadi, rula ya chuma na sufuria ya gundi ya unga. Meza ndogo ilikuwa ya Shangazi, nyuma ya kabati la vioo, chini ya dirisha la uani. Mteja akiingia alimwona Baba. Shangazi alisikika tu.

Ule mlio naujua mpaka leo. Ko. Halafu ki, ki. Kimya kidogo. Ko. Halafu ki, ki. Kinyozi wa jirani alisema yeye hunyoa kwa kufuata mdundo ule, na siku Shangazi akiugua wateja wake hutoka na ndevu upande mmoja. Wapita njia walimwita Baba "Fundi". Shangazi hawakumwita chochote. Wengine walisema "yule mama wa ndani".

Mimi shule niliishia darasa la tano, kifua kilikuwa kinanisumbua, na tangu hapo siku zangu nyingi zilipita kwenye kigoda kando ya meza ile ndogo. Kwa hiyo niliona walichokuwa wanakisikia wenzangu.

Alianza kwa penseli, nukta ndogo kama kichwa cha sindano. Juu ya nukta akasimamisha panchi, kile kibomba cha chuma chenye makali mdomoni, akapiga, kikadondoka kiduara cha kadi. Tundu lilitakiwa libane. Kipete mpaka akisukume kwa kidole gumba ndipo kiingie. Kikiingia chenyewe, kadi ile ilikuwa ya kutupwa. Kisha aligeuza kadi, uso wa kipete ukalala chini juu ya kipande cha ngozi ya kiatu ili usichubuke, na shingo yake ikachungulia juu. Hapo ndipo lilipokuja lile ko. Kila mtu alidhani ni pigo la kipete. Halikuwa la kipete. Nyundo ilikuwa inagonga kibao kitupu, pembeni.

Nilimuuliza kwa nini.

"Ili mkono ujue nyundo ina uzito gani leo."

"Lakini nyundo uzito wake ni uleule, Shangazi."

"Nyundo, ndiyo," akasema.

Baada ya hapo alitia kichuma chenye ncha ya mviringo ndani ya shingo ya kipete. Ki: shingo ikafunguka kama ua. Alikizungusha kichuma kidogo, kiasi cha mtu kufungua kifuniko cha chupa kisichokaza. Ki: petali zikalala juu ya karatasi. Na kwa kuwa nyundo aliishika mkono wa kushoto, na kile kichuma alikizungusha kwa kulia, petali zake zote zililala zikiinamia upande mmoja, upande wa kushoto, kama majani yaliyopitiwa na upepo. Mwisho alijipangusa nazo shavuni. Kikikwaruza, alikitoa kwa koleo na kuanza upya. "Mama ataishika albamu hii na mtoto mapajani," aliniambia. "Mtoto hana ngozi ya kuchezewa."

Huo mkono wa kushoto ulimtesa utotoni. Babu alimfundisha kazi Baba, si yeye. Yeye, ingawa ndiye mkubwa kwa miaka miwili, alipewa kazi ya kuokota vile viduara sakafuni. Akawa anaokota huku anaangalia. Siku moja Babu alirudi kutoka sokoni akakuta lebo hamsini zimeshatiwa vipete, zimepangwa. Akampongeza Baba. Baba, alikuwa mtoto wa miaka minane, akasema si yeye. Babu akamwita binti yake, akamwambia apige mbele yake, na alipouona mkono anaoshikia nyundo akanuna. "Kwa mkono huo utamaliza vidole vyote," alisema. Lakini lebo hakuzikataa, na kesho yake meza ndogo ikawa ya Shangazi, na Baba hakugusa kipete tena. Alinihadithia haya mara nyingi, na kila mara alitulia kidogo pale Baba anaposema si yeye. Alimpenda sana ndugu yake kwa neno lile.

Baba si mtu mbaya, niseme mapema. Ana ulimi wa kuuza. Mteja aliyekuja kutaka bahasha moja aliondoka na albamu mbili na kalenda ya mwaka unaokwisha. Na kila kitu kilichotoka mle alikiita "kazi ya mkono wangu", kwa sababu kadi aliikata yeye, gundi aliipika yeye, nyumba ni yake. Nadhani alisema hivyo miaka mingi hata akaacha kujisikia. Shangazi alikuwa akisikia kutoka nyuma ya kabati na kuendelea na ko, ki, ki.

Mwaka juzi, mvua zilipokatika na matope bado yako pembeni mwa barabara, aliingia mama mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa uzi kwenye sikio. Alikuwa mkunga, amestaafu hospitali. Chini ya kwapa alibeba albamu kuukuu iliyofungwa kwa kitambaa. Aliiweka mezani kwa Baba na kuifungua polepole. Ndani zilikuwa picha za watoto wachanga, ukurasa baada ya ukurasa, wale aliowapokea kwa mikono yake na mama zao wakamletea picha baadaye. Jalada lilikuwa limeliwa kona. Rangi ya kadi ilikuwa imekwenda. Lakini hakuna ukurasa uliokuwa umetoka mahali pake.

"Fundi, hii ilitoka hapa?"

Baba aliigeuza, akaipigapiga mgongoni. "Ilitoka hapa. Kazi ya mkono wangu hii."

"Ina miaka ishirini na sita. Nimehama nayo nyumba nne. Imenyeshewa, imekaliwa, wajukuu wameivuta kama gari. Hakuna kipete hata kimoja kilichochomoka. Nikajiambia, kama yule fundi yu hai nitamtafuta."

"Yu hai. Ndiye huyu."

Nyuma ya kabati mlio ulikatika. Shangazi alitoka akiwa na kibakuli, kama mtu anayekuja kuchota gundi, ingawa kazi yake haikuhitaji gundi. Alipofika mezani alipitisha kidole gumba nyuma ya jalada lile. Nami niliona. Petali zote zimeinamia kushoto. Akachota gundi asiyoitaka, akarudi.

Mkunga alitaka albamu sita, kwa kuwa picha nyingine zilikuwa zimejaa kwenye mfuko wa unga. Halafu akavuta kiti, akakaa. "Kabla sijaondoka, nipigie kimoja nione. Miaka yote hii nawaza vinafungwaje."

Baba alicheka, akakuna shingo. "Kazi hii mama ina vumbi, utachafuka."

"Mimi nimezalisha watu miaka thelathini na moja, Fundi. Vumbi?"

Hapo hakuwa na pa kutokea. Akaita, "Dada, hebu niletee nyundo." Shangazi akaleta nyundo, kibao, panchi, kichuma na vipete vitatu kwenye kiganja. Akavipanga mbele yake kama mtu anayemwandalia mgeni chakula, akarudi nyuma hatua moja.  

Tundu Baba alilitoboa vizuri, hilo analiweza. Kipete kikaingia, akageuza kadi, akasimamisha kichuma. Kisha akapiga kama alivyokuwa amesikia maisha yake yote kutoka upande wa pili wa kabati: moja zito, mawili mepesi. Lakini lile zito alilipiga juu ya kipete. Shingo ikapasuka, petali moja ikachoma kadi na kutokea mbele. Akatia cha pili. Ko, ki, ki, vilevile. Kikabonyea kama kifuniko cha soda kilichokanyagwa. Mtu aliyelala na mlio ule na kuamka nao alikuwa hajui kwamba pigo la kwanza si la kipete, na angejuaje, hakuwahi kuja nyuma ya kabati kutazama.

"Vipete vya siku hizi," Baba alisema, akifuta jasho. "Bati tupu. Wanatuibia."

Mkunga aliangalia kadi, akamwangalia Baba. "Au umezeeka, Fundi."

"Tumezeeka wote, mama."

Wakacheka. Akaacha albamu ya zamani iwe mfano, akasema atarudi baada ya siku nne.

Mchana ule tulipokaa kula, Shangazi hakugusa chakula. Alisubiri Baba anawe mikono, ndipo akasema.

"Nina jambo moja. Sijawahi kukuomba kitu."

"Sema, Dada."

"Yule mama akirudi, mwambie ni nani. Ile ya zamani, na hizi atakazozichukua. Mwambie."

Baba alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Kuna haja gani? Si nyumba moja? Jina la nyumba likisifiwa tumesifiwa wote."

"Haja ninayo mimi. Amemkumbuka mtu miaka ishirini na sita, na mtu mwenyewe alikuwa nyuma ya kabati."

"Sawa. Nitamwambia."

"Umesikia, wifi?" Mama alisema. "Mimi shahidi. Huyu mume wangu akiahidi mbele yangu hana njia, chumbani tunalala wote." Halafu, kwa kuwa Mama hawezi kuacha jambo bila kulichokonoa, akauliza, "Na asipomwambia?"

Shangazi akaanza kumega chakula. "Mshona mabegi ananiita kila mwezi. Anasema chumba kipo, meza ipo, na dirisha linaangalia barabarani."

Mshona mabegi alikuwa rafiki yake tangu usichana, mjane, anaishi ng'ambo ya mji. Miaka yote alikuwa anamwita na miaka yote Shangazi alijibu kuwa hapa kuna kazi. Baba alicheka, akasema, "Wewe na yule mtagombana siku ya pili, nani aanze kusema." Lakini aliacha kula kabla hajashiba.

Siku nne zile nazikumbuka kuliko siku nyingine zozote za nyumba yetu. Baba alikata kadi nyeusi kimya kimya, kingo zimenyooka kama maji. Gundi ilichemka, chumba kikanuka unga wa moto. Shangazi alianza mapema na kuacha jua likiwa bado juu, kwa sababu alisema macho yakichoka mkono unadanganya. Kila ukurasa vipete viwili, kila jalada vitatu. Alikuwa anaimba kwa pua, wimbo usio na maneno. Mama alimletea chai mara mbili bila kutaniwa, hata akalalamika. "Wifi yangu ana waume wawili, nyundo na kibao, na wote hawaleti mboga," alisema ili amchokoze. "Lakini hawakoromi," Shangazi akajibu, na kinyozi aliyekuja kuazima ngazi akacheka mpaka akaisahau ngazi yenyewe.

Siku ya tatu alinipa nyundo. Alisimama nyuma yangu akasema, "Gonga kibao kwanza." Nikagonga. "Sasa unajua?" Nikasema ndiyo. "Hujui, lakini endelea." Kurasa tano za albamu ya sita ni zangu. Nilitumia mkono wa kulia, kwa hiyo zinainamia huko kwingine. Alizipangusa shavuni zote, akatoa mbili tu.

Siku ya nne alivaa gauni lake la maua madogo, lile la kwendea kwa watu, akafunga kilemba kipya. Alikaa mezani kwake bila kupiga. Kiti alikuwa amekisogeza kidogo, bega lake likaonekana pembeni mwa kabati.

Mkunga alikuja na mkokoteni wa kubebea. Alifungua albamu moja moja. Alipapasa mbele, halafu akafanya jambo ambalo sijamwona mteja mwingine akilifanya: aligeuza ukurasa na kupapasa nyuma. Akapangusa na shavuni.

"Fundi," akasema taratibu, "nilikukosea siku ile. Mikono yako haijazeeka hata kidogo."

Baba alifungua mdomo. Naapa alitaka kusema. Alitazama kabati, akaliona lile bega lenye maua madogo, akamtazama mkunga aliyekuwa anamtazama kwa heshima kubwa, na kwenye mlango alikuwepo kinyozi, na kijana wa mkokoteni, wote wanasikiliza. 

"Tunashukuru, mama," Baba akasema. "Tunashukuru sana."

Mkunga akanigeukia mimi. "Na wewe binti, baba yako anakufundisha kupiga hivi?"

Sikuwahi kumpinga Baba mbele ya wageni. Nikasema, "Ndiyo."

Bega likaondoka pembeni mwa kabati.

Baba alitoka kusaidia kupakia mzigo na alikawia huko kuliko mzigo wenyewe ulivyohitaji. Nyuma ya kabati, Shangazi alirudisha vipete kwenye boksi lake, akafuta kibao, akakunja kile kipande cha ngozi. Alikwenda uani kunawa. Shaba huacha rangi ya kijani vidoleni, na kawaida hakuijali; siku ile aliisugua kwa sabuni na mchanga mpaka ikatoka. Mama alimwambia chai iko tayari. Akasema ameshiba. Mama akaweka birika chini, akaingia naye chumbani, na sikusikia walichosema. Walipotoka Mama alikuwa amebeba mfuko mdogo wa nguo, macho mekundu.

Baba aliingia. "Dada, yule mama alikuwa na haraka. Na watu walikuwa wengi pale. Nitamfuata kwake wiki ijayo, nitamweleza vizuri."

"Nimeona," Shangazi alisema.

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri. Kaa, umechoka, umesimama tangu asubuhi." Hakuwa na hasira. Alisema kama alivyokuwa akimwambia kila siku.

Baba aliuona mfuko. Akatazama meza ndogo. "Na nyundo?"

"Nyundo ni ya baba yetu, ikae kwake. Mkono ni wangu."

Kisha akanifikia mimi. Alinitengeneza kola ya shati. "Matundu yako bado makubwa," akasema. "Punguza."

Siku hizi Baba anauza madaftari na bahasha za tayari. Albamu akiulizwa husema watu hawazinunui tena. Hata hivyo wapo wanaouliza, na salamu za Shangazi hutufikia kupitia kwa kinyozi: mzima, anakula vizuri, mabegi ya mshona mabegi sasa yana lebo za kadi zenye vipete. Nimetumwa mara mbili kumwomba arudi. Mara zote alinipa chai na kunionyesha kazi.

Siku ile ya kuondoka hakutoka kwa mlango wa uani, alioutumia maisha yake yote. Alipita katikati ya chumba cha mbele, kando ya meza kubwa, akashuka ngazi mbili za barabarani na mfuko wake begani. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja wake nusu. "Mama, safari saa hizi?"

"Ng'ambo ya mji," akasema. "Angalia huyo usije ukamkata sikio."

Baba alisimama kizingitini akatuambia amekwenda kupunga upepo, atarudi kabla ya giza.  Tulimwona akiyaruka matope, gauni amelishika kwa mkono wa kushoto. Alipita bomba la maji, akasalimiana na mtu, akapita duka la mkaa, akakata kona. Hakurudi tena.